Muunganisho mpya kila ombi, akiba ndani ya programu, au PgBouncer: kipi kinakufaa?

Programu ya wavuti inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL ikianza kupata watu, siku moja logi hujaa mstari huu: `FATAL: sorry, too many clients already`. Ukiangalia seva ya hifadhidata unakuta prosesa imetulia na diski haina kazi kubwa, huku wateja wakiona ukurasa wa hitilafu. Kilichokwisha ni nafasi za kuunganishwa.

Njia za kusimamia miunganisho zinajulikana, na kila moja ina watetezi wake. Mimi naona uamuzi unategemea mambo mawili: ni michakato mingapi ya programu yako (nakala zake zinazoendeshwa sambamba) inayoweza kufungua muunganisho kwa wakati mmoja, na kila muunganisho unashikiliwa kwa muda gani kabla ya kuachiwa. La kwanza watu wengi hulihesabu. La pili husahaulika, na ndilo linaloangusha mifumo.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfumo wa kuuza tiketi za basi: Django (mfumo wa kuandikia programu za wavuti kwa Python) nyuma ya Gunicorn (seva inayoendesha programu hiyo), PostgreSQL kwenye seva yake yenyewe, na abiria analipa kwa simu.

Muunganisho mmoja unagharimu nini

PostgreSQL huanzisha mchakato mzima wa mfumo endeshi kwa kila muunganisho. MySQL, hifadhidata nyingine, hutumia uzi (kazi inayoendeshwa ndani ya mchakato mmoja pamoja na nyingine), ambao ni mwepesi zaidi. Ndiyo maana suala hili huwauma watu wa PostgreSQL mapema kuliko wenzao. Chaguo-msingi la `max_connections` kwenye PostgreSQL ni 100, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa msimamizi mkuu, kwa hiyo programu yako ina 97. Kwenye MySQL chaguo-msingi ni 151.

Kuna gharama nyingine, ya mtandao. Kabla ya swali la kwanza la SQL kupita, pande mbili hufungua TCP, hukubaliana kuhusu usimbaji wa TLS, kisha huthibitisha nenosiri kwa utaratibu wa SCRAM. Jumla ni safari tano au sita za kwenda na kurudi. Programu na hifadhidata zikiwa kwenye chumba kimoja cha seva, hizo ni milisekunde chache na hakuna atakayeziona. Lakini programu ikiwa Dar es Salaam na hifadhidata iko Frankfurt, tuseme kila safari inachukua milisekunde 150, umekwishatumia karibu sekunde nzima na bado hujauliza chochote. Mwenye mpangilio wa namna hiyo asihangaike na ulinganisho huu kwanza. Aziweke programu na hifadhidata mahali pamoja, ndipo aendelee.

Kufungua na kufunga kwa kila ombi

Hii ndiyo tabia ya Django usipogusa chochote, kwa sababu `CONN_MAX_AGE` huanza ikiwa 0. Ombi linaingia, muunganisho unafunguliwa, kazi inafanyika, muunganisho unafungwa. Hakuna mabaki ya ombi lililopita, hakuna muunganisho uliokufa usiku ukakusubiri asubuhi, na michakato ikiwa 8 basi miunganisho haizidi 8.

Kwa mfumo wa ndani wa ofisi, au tovuti yenye maombi machache kwa sekunde, njia hii inatosha kabisa. Usione haya kubaki nayo. Ubaya wake huonekana maombi yanapokuwa mengi na mafupi: seva ya hifadhidata inaanza kutumia nguvu nyingi kuzalisha michakato na kuhakiki nenosiri kuliko kujibu maswali yenyewe.

Muunganisho wa kudumu

Hatua moja mbele ni kuuacha muunganisho wazi ombi linapokwisha, ili ombi linalofuata kwenye mchakato uleule liutumie. Kwenye Django unaweka `CONN_MAX_AGE = 60` au zaidi; kwenye PHP kuna `PDO::ATTR_PERSISTENT`. Kuanzia Django 4.1 kuna pia `CONN_HEALTH_CHECKS`, inayoupima muunganisho kabla ya kuutumia. Iwashe. Bila hiyo, hifadhidata ikiwashwa upya, maombi ya kwanza yatagonga muunganisho mfu.

Kama Gunicorn yako inaendesha michakato ya kawaida, ile inayoshughulikia ombi moja moja, hii ndiyo njia bora kwako kuliko akiba ninayoieleza hapa chini. Mchakato unaofanya kazi moja kwa wakati hauna matumizi ya miunganisho mingi. Kwa upande wa programu za ASGI (ambapo mchakato mmoja hushughulikia maombi mengi kwa pamoja), waandishi wa Django wenyewe wanashauri miunganisho ya kudumu izimwe na itumike akiba.

Kwenye PHP nina tahadhari zaidi. Muunganisho wa kudumu wa PDO unaweza kubeba hali ya ombi lililotangulia, kwa mfano jedwali la muda au mpangilio wa kikao, na hitilafu za aina hiyo ni ngumu mno kuzifuatilia.

Akiba ndani ya programu

Hapa programu huweka fungu la miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Uzi unaohitaji huchukua mmoja, hufanya kazi, huurudisha. Yote ikiwa imechukuliwa, anayefuata anapanga foleni. Ndicho kinachoitwa `pool` kwenye faili za mipangilio.

Karibu kila lugha ina yake, na chaguo-msingi zinatofautiana kwa namna inayoweza kukuponza:

SQLAlchemy, maktaba ya hifadhidata ya Python, huweka 5 na kuruhusu 10 za ziada, yaani 15 kwa kila mchakato, na anayekosa husubiri sekunde 30. HikariCP ya Java, iliyo chaguo-msingi la Spring Boot tangu toleo la 2.0, inaweka 10. Maktaba ya `pg` ya Node nayo ni 10. Go inahitaji uangalifu wa pekee: `database/sql` haina kikomo chochote cha miunganisho iliyo wazi mpaka uandike mwenyewe `SetMaxOpenConns`, na wakati huohuo inabakiza 2 tu zisizo na kazi. Mzigo ukipanda ghafla inafungua bila breki, ukishuka inafunga, ukipanda tena inafungua upya. Django imepata akiba yake ya PostgreSQL katika toleo la 5.1 la mwaka 2024, kupitia maktaba ya psycopg 3. Ukiiwasha bila kutaja ukubwa inafungua 4 kwa kila mchakato, na inataka `CONN_MAX_AGE` ibaki 0.

Neno la kuzingatia ni "kwa kila mchakato". Mtu anaandika `pool_size=5`, anaona tano ni kidogo, anaondoka. Ana michakato 8 ya Gunicorn yenye nyuzi nyingi. Kila mmoja unaweza kufika 15, jumla 120, na nafasi alizonazo ni 97. Hapo hajahesabu seva ya pili ya programu, michakato ya Celery ya kazi za nyuma, wala mwenzake aliyefungua DBeaver, programu ya kutazama hifadhidata, kwenye kompyuta yake. Na wakati wa kupandisha toleo jipya, michakato ya zamani na mipya huishi pamoja kwa muda, kwa hiyo jumla inakaribia kuwa maradufu.

Java na Go hunufaika zaidi na akiba ya ndani kwa sababu mchakato mmoja hubeba nyuzi nyingi, hivyo akiba moja inahudumia seva nzima. Python, Ruby na PHP hugawanyika katika michakato mingi, na akiba inagawanyika nayo: mchakato mmoja una tatu zimekaa bure, jirani yake ana watu wanasubiri, na haziwezi kuazimana.

Ukubwa gani unafaa? Kuna kanuni inayopendekezwa na waandishi wa HikariCP, iliyotoka kwa jamii ya PostgreSQL: idadi ya viini vya prosesa ya seva ya hifadhidata mara mbili, jumlisha idadi ya diski. Seva yenye viini 4 na diski moja inapata 9. Watu wakiona namba hiyo hushtuka, kwani walitarajia 50 au 100. Lakini hesabu inakubali. Zidisha maombi kwa sekunde na muda ambao kila moja linashikilia muunganisho: maombi 200 kwa sekunde, kila moja milisekunde 20, ni miunganisho 4 tu inayofanya kazi kwa wastani. Tisa zinakuachia nafasi ya kupumua.

Tahadhari moja kwa wa Python: ukiendesha Gunicorn kwa `--preload`, na SQLAlchemy ikafungua muunganisho kabla michakato haijagawanyika, michakato miwili itashika soketi moja. Majibu ya mmoja yanaweza kumfikia mwingine. Kila mchakato uanze akiba yake baada ya kugawanyika.

Na kwa wa MySQL: seva hufunga muunganisho uliokaa kimya kwa saa 8, ambayo ni `wait_timeout` ya chaguo-msingi. Tovuti isiyo na watu usiku hukutana asubuhi na ujumbe `MySQL server has gone away`. Kwenye SQLAlchemy weka `pool_recycle` chini ya muda huo, au washa `pool_pre_ping`.

Muda wa kushikilia, ambapo hesabu zote huharibika

Turudi kwenye tiketi. Abiria amechagua kiti, msimbo unafanya hivi:

```python
with transaction.atomic():
    kiti = Kiti.objects.select_for_update().get(pk=kiti_id)
    jibu = lango.omba_malipo(simu, kiti.nauli)
    kiti.hali = "kimelipiwa" if jibu.ok else "wazi"
    kiti.save()
```

Unasomeka vizuri, na kwa majaribio ya mtu mmoja unafanya kazi. Mstari wa pili ndani ya muamala (`transaction.atomic`, kundi la hatua zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) ndio wenye sumu. Lango la malipo linatuma ombi kwenye simu ya abiria, abiria anatafuta miwani, anaandika namba ya siri, anakubali. Tuseme sekunde 8. Muda wote huo muunganisho umeshikwa, muamala uko wazi, na mstari wa kiti umefungwa kwa kufuli. Ukiwa na miunganisho 10 na kila mmoja unashikwa sekunde 8, mfumo mzima unahudumia wanunuzi 75 kwa dakika, hata ukiwa na seva ya bei gani. Miunganisho hiyohiyo 10 ikishikwa kwa milisekunde 20 ingepitisha maombi 500 kwa sekunde.

Na hao 75 hawajanyang'anyana nafasi na wengine. Aliyekuja kuangalia ratiba tu, ambaye swali lake ni la milisekunde 3, anapanga foleni nyuma ya watu wanaoandika namba ya siri.

Marekebisho ni kukata kazi katikati. Andika kwanza kwamba kiti kinasubiri malipo, funga muamala, achia muunganisho, ndipo uliite lango:

```python
with transaction.atomic():
    kiti = Kiti.objects.select_for_update().get(pk=kiti_id, hali="wazi")
    kiti.hali = "kinasubiri"
    kiti.save()
connection.close()
lango.omba_malipo(simu, kiti.nauli)
```

Majibu ya malipo yakirudi kwenye anwani uliyoisajili, ombi hilo jipya linafungua muamala wake mfupi na kukamilisha. Kiti kilichokaa "kinasubiri" kupita muda kinarudishwa na kazi ya nyuma.

Ule mstari wa `connection.close()` una sababu. Django haiachii muunganisho muamala unapokwisha. Inaushikilia hadi ombi zima limalizike. Ukiwa na akiba ya ndani, kufunga muamala peke yake hakukusaidii. Ukiwa umewasha `ATOMIC_REQUESTS`, ombi lote ni muamala mmoja, na mbinu hii haiwezekani mpaka uiondoe kwenye ukurasa huo. SQLAlchemy hufanya tofauti: `commit()` hurudisha muunganisho kwenye akiba palepale. Lakini ukisoma tena `kiti.nauli` baada ya hapo, inakwenda kuuliza hifadhidata upya na kuushika muunganisho mwingine bila wewe kujua, kwa sababu `expire_on_commit` huwa imewashwa. Hifadhi nauli kwenye kigeu kabla ya `commit()`.

Ukipima mfumo wako leo, anza na swali hili:

```sql
SELECT state, count(*), max(now() - state_change)
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = current_database()
GROUP BY state;
```

Mstari wa `idle in transaction` ukiwa na miunganisho mingi au muda wa sekunde nyingi, una tatizo hili. Hakuna akiba wala programu ya kati itakayolitibu. Hali hiyo hurekebishwa kwenye msimbo. Kama kinga, weka `idle_in_transaction_session_timeout`, iliyopo tangu PostgreSQL 9.6.

PgBouncer

PgBouncer ni programu ndogo inayokaa kati ya programu yako na PostgreSQL. Ilizaliwa Skype, ikatolewa kwa umma mwaka 2007. Programu yako inaunganishwa nayo kwenye mlango 6432 ikidhani inazungumza na PostgreSQL, nayo inagawa miunganisho michache halisi kwa wateja wengi. Mteja aliyekaa kimya anaigharimu kilobaiti chache tu za RAM, kwa hiyo wateja 1,000 si mzigo kwake.

Ubora wake juu ya akiba ya ndani ni kwamba inaona kila mtu: michakato yote, seva zote, Celery pia. Yule jirani mwenye miunganisho ya bure na yule anayesubiri sasa wanachota sehemu moja.

Kila kitu kinategemea `pool_mode`. Chaguo-msingi ni `session`, ambapo mteja anabaki na muunganisho halisi hadi akate mawasiliano. Wengi huiweka PgBouncer, wanaiacha hivyo, wanaona hakuna kilichobadilika, wanaiondoa. Faida iko kwenye `transaction`: muunganisho halisi unarudi mara muamala unapokwisha. Hapa ndipo inapoizidi akiba ya Django, maana ombi linaweza kuendelea kusubiri lango la malipo huku muunganisho halisi umekwenda kuhudumia wengine, hata bila ule mstari wa `connection.close()`. Kuna pia `statement`, inayokataza miamala ya zaidi ya swali moja. Kwa programu ya wavuti, ipite.

Gharama ya `transaction` ni kwamba chochote kinachoishi kwenye kikao hakiaminiki tena. `SET` uliyoandika inaweza kubaki kwenye muunganisho utakaopewa mtu mwingine. `LISTEN` haifanyi kazi. Kufuli za ushauri za ngazi ya kikao hazishiki unavyotaka. Kwenye Django ni lazima uweke `DISABLE_SERVER_SIDE_CURSORS = True`, la sivyo `.iterator()` itavunjika. Maswali yaliyoandaliwa (prepared statements) yalikuwa kikwazo kikubwa kwa miaka mingi. Toleo la 1.21 la mwaka 2023 liliyaruhusu yanapopita kwenye itifaki, kupitia `max_prepared_statements`. Amri ya `migrate` na `pg_dump` zielekeze moja kwa moja kwenye mlango 5432.

Namba mbili za kuangalia: `default_pool_size` ni 20, nayo ni kwa kila jozi ya mtumiaji na hifadhidata, kwa hiyo watumiaji watatu ni 60. Na `max_client_conn` ni 100. Usipoipandisha, umehamisha ukuta uleule kutoka PostgreSQL kwenda PgBouncer.

Ni kitu kimoja zaidi cha kulinda na kuwasha upya, na hutumia kiini kimoja tu cha prosesa. Kwa seva moja ndogo yenye michakato minne, sioni sababu ya kuibeba. Kwa MySQL, kazi kama hii hufanywa na ProxySQL.

Ukiwa kwenye AWS Lambda

Lambda ni huduma inayoendesha msimbo wako bila wewe kutunza seva. Kwa kawaida kila nakala hushughulikia ombi moja kwa wakati, kwa hiyo akiba ya ndani haina maana, iweke 1. Nakala zikiwa 300, miunganisho ni 300. Hapa programu ya kati ni lazima, iwe PgBouncer au RDS Proxy ya AWS, iliyoanza kupatikana kwa wote mwaka 2020. RDS Proxy inakuondolea kazi ya kuitunza, kwa malipo, na ukitumia mambo ya kikao inaufunga muunganisho kwa mteja mmoja hadi amalize, kimyakimya.

Vipi kuhusu kupandisha `max_connections`?

Ndilo jibu la haraka, nami nalipinga kama jibu la kwanza. Linahitaji kuiwasha PostgreSQL upya. Kila muunganisho unaofanya kazi unaweza kutumia `work_mem`, megabaiti 4 kwa chaguo-msingi, mara kadhaa ndani ya swali moja. PostgreSQL 14 ilipunguza sana uzito wa miunganisho iliyokaa kimya, ni kweli, lakini michakato 400 inayogombea viini 4 bado inazidi kuchelewesha kila mmoja. Toka 100 kwenda 150 ukiwa unajua hesabu yako. Ukijikuta unaandika 1,000, umefika kwenye PgBouncer.

Kwa mfumo wetu wa tiketi

Ukianza na seva moja na michakato 8 ya kawaida ya Gunicorn, ningeweka `CONN_MAX_AGE` pamoja na `CONN_HEALTH_CHECKS`, na kutoa lango la malipo nje ya muamala. Ungekuwa wa Spring Boot, ningebaki na HikariCP na 10 zake. Siku seva ya pili na Celery zinapoingia, na jumla ya michakato ikavuka 50 hivi, ningeweka PgBouncer kwa `transaction`, `default_pool_size` ya 10 hadi 20, na kurudisha `CONN_MAX_AGE` kuwa 0, kwa kuwa kufungua muunganisho na PgBouncer iliyo kwenye seva ileile ni rahisi. Akiba ya Django 5.1 ningeichagua kwa programu ya ASGI, au ile yenye nyuzi nyingi kwa mchakato.

Kisha rekebisha muda wa kusubiri, maana vipimo vya chaguo-msingi havikupangwa viishi pamoja. PgBouncer humwacha mteja kwenye foleni hadi sekunde 120, ambayo ni `query_wait_timeout`. Gunicorn huua mchakato wa kawaida uliokaa sekunde 30. Kwa hiyo miunganisho ikiisha, logi yako itaandika `WORKER TIMEOUT`, na utapoteza saa nyingi ukitafuta msimbo wa polepole ambao haupo. Shusha `query_wait_timeout` iwe sekunde 5 au 10 ili hitilafu iseme jina lake, na kwenye dashibodi yako weka `cl_waiting` (wateja wanaosubiri) na `maxwait` (muda wa aliyesubiri zaidi) kutoka amri ya PgBouncer ya `SHOW POOLS`.